Kama haitembei, mie siitaki

Wiki jana jamaa mmoja alinitumia picha ya boksi la Gojulas, mmoja wa wale wanyama roboti wa Zoids, boksi la miaka ya 80, halijafunguliwa hata siku moja, selotepu ya kiwandani bado ipo, akaniuliza "waonaje hii bro?" Nikamjibu naona maiti aliyevishwa sanda nzuri. Akanuna, mpaka leo hajanisemesha vizuri. Sasa wacha nieleze maana nimechoka kueleza kwa mtu mmoja mmoja.

Kwa wasiojua, hizi Zoids ni wanyama roboti wa plastiki, walianza kutolewa na kampuni ya Tomy ya Japani mwaka 1982, na wa mwanzo mwanzo walikuwa watatu, Garius, Glidoler na Elephantus. Haziji zikiwa tayari. Unafungua boksi unakuta vipande vimeshikana kwenye fremu, unakata kimoja kimoja (mie natumia kikata kucha, wenye pesa wana koleo zao maalumu), unavibananisha bila gundi, na kwenye viungo unachomeka vikofia vidogo vya mpira vya kuzuia mguu usichomoke. Wale wadogo ni wa kutia funguo, wakubwa ni wa betri na mota. Vipimo vyake ni 1 kwa 72, kwa hivyo ndani ya kichwa cha mnyama kuna rubani wa sentimita mbili na kitu amekaa kitako anaendesha, na huyo ndo wa kwanza kupotea. Kila nyumba iliyowahi kuwa na Zoids ina rubani mmoja chini ya kabati, wallahi.

Mie nilipata yangu ya kwanza hapa hapa Malindi mwaka 1994. Mamangu alikuwa akifanya kazi kwa mzee mmoja Muingereza, nyumba ya upande wa Silversands, yule mzee alipouza nyumba kurudi kwao akamwachia mama mapazia, sufuria na boksi la vitu vya mjukuu wake aliyekuwa akija likizo. Mama akaniletea lile boksi nikachokora, chini kabisa kuna Elephantus, kigogo kidogo cha ndovu, mguu mmoja umechomoka. Nikautia ule mguu, nikajaza funguo, nikamweka sakafuni. Akaenda! Zzzzzz, anayumba kama mlevi anayetafuta mlango wa kwao, mamangu akapanda kitandani na kanga yake mkononi, "ondoa hilo shetani lako!" Hapo ndo nilipokamatwa na mpaka leo sijaachiwa.

Na kilichonikamata si umbo la ndovu, manake ndovu wa kuchonga wamejaa huku kwa watalii. Ni kwamba ukimgeuza tumboni unaona kila kitu. Springi inafunguka, inazungusha gia kubwa, kubwa inazungusha ndogo, mwisho kuna kichuma kinachozuia springi isifunguke yote kwa mpigo mmoja (ile zzzzzz ndo sauti yake), pembeni kuna mkono unaozunguka unaosukuma mguu wa kushoto mbele wakati wa kulia uko nyuma. Basi. Hakuna chipu, hakuna programu. Mtu alikaa mezani akafikiria hivi ndovu akitembea uzito unahamaje, halafu akaufanya kwa plastiki na springi moja. Gojulas wa 1984, ambaye Uingereza walimwita Zoidzilla, yule ni wa betri, anatembea kwa miguu miwili huku anafungua na kufunga mdomo, na mota ni moja tu iliyofungwa ndani inafanya zote hizo. Sasa weye mwenzangu unanunua kitu kama hicho, unakiacha ndani ya boksi, unawaambia watu una mkusanyo?

Najua watakachosema. Watasema thamani. Boksi likifunguliwa bei inashuka, kweli, sibishi. Lakini nyinyi mnaosema hivyo mnaishi wapi? Maana mie naishi mita mia nne kutoka baharini. Kusi ikiingia ile mwezi wa sita wa saba, mawimbi yanapigwa hewani, ukiweka bati jipya mwaka haujaisha lina kutu. Friji zinaoza, feni zinaoza, na we unadhani boksi la karatasi la mwaka 84 litazuia chumvi? Mie nshafungua boksi "jipya" nililonunua mtandaoni kwa pesa ya kunyima watoto nyama mwezi mzima, muuzaji ameapa halijaguswa, na kweli halikuguswa. Vikofia vya mpira vilikuwa vimekauka vikapasuka nikivishika tu. Grisi ya ndani ya mota imekuwa gundi. Bati za betri zimeshika rangi ya kijani. Wakati huo huo Elephantus wangu wa 1994, aliyepigwa mateke, aliyeanguka baraza, aliyewahi kulala nje siku mbili za mvua, yuwatembea. Kwa sababu anatembezwa! Gia ikizunguka grisi haigandi, na mtu anayetumia kitu anaona tatizo mapema, anayekificha anakuja kuliona likiwa limeshamaliza kazi yake.

Kwa hivyo kama uko pwani na una hizi vitu, haya ndo ninayofanya mie. Betri hazilali ndani, hata usiku mmoja, ukimaliza kucheza toa, maana zikivuja ule unga mweupe unakula bati. Ukikuta umeshavuja chukua pamba ya masikio, chovya kwenye siki au ndimu, sugua, kisha ukaushe vizuri. Vile vipakiti vya punje za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye boksi za viatu usitupe, weka kabatini pamoja na wanyama. Usiwaweke dirishani, jua linageuza plastiki nyeupe na kijivu kuwa manjano kama meno ya mvuta sigara, na ikishageuka mie huwa napaka krimu ya peroksaidi, ile ya saluni ya kubadilisha rangi ya nywele, naiweka juani inarudi rudi kidogo. Springi ikikatika mpelekee fundi saa. Fundi wangu yuko mjini, alicheka mpaka akavua miwani, lakini akaitengeneza, na siku hizi nikipita ananiuliza ndovu hajambo?

Kuna na hawa Zoids wa Kotobukiya, kampuni nyingine ya Japani, walioanza kutoka 2006. Wazuri, usinielewe vibaya, viungo vyote vinapinda, ukimpanga kwenye rafu anataka kukurukia. Lakini hana mota. Unampinda, unampiga picha, unaondoka. Mie naona hiyo ni sanamu, na sanamu ina wapenzi wake, mie simo.

Halafu wananiuliza mtu mzima na wajukuu wanakuja, unacheza na wanyama wa plastiki? Jamani huu mji mwaka 1415 ulimpeleka twiga China, mzima mzima, kwa jahazi, wakubwa wa kule wakamshangaa wakamwona mnyama wa baraka. Kama ilikuwa sawa kumvusha twiga bahari nzima ili mfalme amtazame anavyotembea, mie ndovu wangu wa sentimita chache ana kosa gani? (Mke wangu ameniambia nisiandike hii, anasema nitachekwa. Haya chekeni.)

Yule jamaa wa Gojulas, kama unasoma, mie sikukutukana, nilisema vile nionavyo. Siku ukiamua kukata ile selotepu njoo nyumbani usiku kukiwa na ubaridi, leta betri mpya, mie nitatoa chai na mahamri, na vikofia usiogope hata vikiwa vimepasuka vyote, nakata mpira mwembamba wa valvu ya baiskeli za zamani, unaingia pale kama umezaliwa nao. Tatizo umebaki kipande kama cha kidole tu na maduka ya baiskeli hapa hawauzi tena, wanakutazama kama umeomba mafuta ya taa benki. Mwenye nao, wa Malindi, Watamu, hata Lamu, anitafute, nanunua kwa futi.