Bagasi, Mvuke na Uniti: Kiwanda cha Sukari Kipimwe kwa Kipi?

Boila nyingi za zamani za viwanda vya sukari, yaani mitambo ya kuchemshia maji yawe mvuke, ziliundwa makusudi zipoteze moto. Sijakosea kuandika. Tani moja ya miwa ikishakamuliwa huacha kiasi cha kilo 300 za bagasi, yale makapi yenye nyuzinyuzi, ambayo karibu nusu ya uzito wake ni maji. Enzi ambazo kiwanda hakikuwa na wa kumuuzia umeme, kuichoma bagasi kwa ustadi kulimaanisha kubaki na mlima wa makapi uani, mlima unaochacha na hata kushika moto wenyewe. Ikaonekana heri boila mlafi inayomaliza kila kitu.

Siku hizi mambo ni mengine, kwa kuwa umeme wa ziada una mnunuzi. Kiwanda cha sukari cha TPC huko Arusha Chini, kusini mwa Moshi, hujiendesha kwa umeme wa bagasi na kimekuwa kikiiuzia TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, unaobaki. Kiwanda cha Kakira, karibu na Jinja, kina mitambo ya megawati 52, na 32 kati ya hizo ni za gridi ya Uganda. Sasa kila kiwanda kinataka kuongeza ufanisi. Shida ni kwamba wanaoshauri hawakubaliani hata juu ya maana ya neno hilo.

Kiwanda cha sukari kinahitaji umeme na joto kwa wakati mmoja. Mvuke wa presha kubwa hupitishwa kwanza kwenye tabaini, mashine ya mapanga yanayozungushwa na mvuke, ukazungusha jenereta; kisha mvuke uleule, ukiwa umechoka na kubakiwa na presha ya baa mbili hivi, hupelekwa kuchemsha maji ya muwa. (Baa hizi ni kipimo cha presha, si zile za jioni.) Mpangilio huu hautupi kitu kingi: joto lililobaki baada ya umeme linaingia kwenye sukari.

Kundi la kwanza linasema badilisha boila. Boila ya baa 20 huipa kiwanda uniti 20 hadi 30 za umeme (uniti ni kilowati-saa moja) kwa kila tani ya miwa, zinazotosha matumizi yake tu. Ukienda baa 82, pamoja na tabaini yenye kondensa, unaweza kuvuka uniti 100 kwa tani ileile. Mfano wao ni kisiwa cha Morisi (Mauritius), ambako kiwanda cha St Antoine kilianza kuuza umeme wa bagasi kwenye gridi mwaka 1957, na mitambo ya baa 82 ikawashwa Belle Vue mwaka 2000.

Ila kondensa ina siri yake. Mvuke unaoingia humo hupoozwa ukawa maji, na sehemu kubwa ya joto lake huishia kwenye maji ya kupoozea. Uniti zinaongezeka huku joto linalotumika likipungua. Mhandisi anayepima joto lote la bagasi ataona kiwanda kimeharibika. Mhasibu anayepima uniti zilizouzwa ataona kimepona. Hakuna anayedanganya.

Kundi la pili linasema punguza kwanza ulaji wa mvuke. Hapa kuna historia nisiyotaka kuiruka. Norbert Rillieux, mhandisi mweusi aliyezaliwa New Orleans mwaka 1806, ndiye aliyepata hataza ya kupanga matangi ya kuchemshia kwa mfululizo, mvuke unaotoka kwenye maji ya muwa ya tangi la kwanza ukichemsha la pili, la pili likichemsha la tatu, presha ikishuka kila hatua. Moto mmoja ukafanya kazi mara tatu au nne. Ukiongeza tangi la tano, ukachota mvuke wa matangi hayo kupashia maji ya muwa yanayoingia, ukang'oa vile vitabaini vidogo vya kuzungushia vinu na kuweka mota za umeme, kiwanda kilichokuwa kikila nusu tani ya mvuke kwa tani ya miwa hushuka chini ya kilo 400. Kazi hizi hufanyika kidogo kidogo, kila mashine zinaposimama kwa matengenezo.

Udhaifu wa kundi hili husemwa mara chache. Bila kondensa, mvuke uliookoa hauna pa kupita: viwandani ukihitajika mvuke kidogo, kidogo hupita kwenye tabaini, na umeme nao unashuka. Unarudi kwenye mlima wa bagasi.

Kwa hiyo makundi haya yanahitajiana, na ubishi wa maana ni nani atangulie. Mimi ningeanza na matangi na mota. Vikishindwa kuleta faida ya umeme, angalau bagasi iliyobaki itawashia boila msimu ujao badala ya kuni, au itauzwa kwa watengeneza mbao za makapi yaliyogandamizwa. Boila ya baa 82 haina huruma hiyo. Inadai maji safi mno, kiasi kwamba sukari kidogo ikivujia kwenye maji yake ni balaa, na deni lake halisubiri muwa ukomae.

Kiwanda cha Mumias, magharibi mwa Kenya, kililijua hilo. Mradi wake wa umeme wa bagasi wa 2009 ulikusudia kuiuzia Kenya Power, kampuni ya umeme, megawati 26. Miwa ikaadimika, madeni yakapanda, na mwaka 2019 benki ya KCB ikakiweka kiwanda chini ya mrasimu, msimamizi wa mali ya mdaiwa. Mwaka 2023 upungufu ulifikia hadi serikali kusimamisha usagaji magharibi mwa Kenya kwa miezi kadhaa ili miwa michanga ikue. Hakuna tabaini inayotibu hilo.

Tanzania kuna pingamizi jingine: Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, sasa TANESCO ihangaike na bagasi ya nini? Hoja ina uzito, lakini sehemu kubwa ya msimu wa kusaga huangukia kiangazi, wakati mito imepungua. Umeme wa bagasi huja pale maji yanapoondoka.

Morisi nako si pepo. Bagasi ikiisha, mitambo ile huchoma makaa ya mawe, na mwaka 2021 serikali iliahidi kuyaacha ifikapo 2030. Ninalowaonea wivu ni jingine: kule mkulima hulipwa na kwa bagasi yake. Magharibi mwa Kenya wakulima wamelalamika miaka mingi kwamba hulipwa uzito wa muwa basi. Zile kilo 300 za bagasi ndani ya kila tani wanayopeleka hazina mstari wake kwenye risiti.