Kufunga Ziwa Tanganyika: Nani Mwenye Deni, Mvuvi au Joto?

Tarehe 15 Mei 2024 uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika hadi tarehe 15 Agosti, kufuatia makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, yaani Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuwapa samaki muda wa kuzaliana na kukua, kwa kuwa dagaa na migebuka, ambao ndio uti wa mgongo wa uvuvi wa ziwa hilo, wamekuwa wakipungua. Wanaounga mkono hatua hiyo wanasema ziwa limechoka na linahitaji kupumzishwa. Wanaoipinga wanauliza swali ambalo si rahisi kulipuuza: ikiwa samaki wanapungua kwa sababu maji yamepata joto, mvuvi wa Kigoma aliyekaa miezi mitatu bila kutupa wavu amerekebisha nini?

Swali hilo lina msingi wa kisayansi. Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470, likiwa la pili kwa kina duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi, lakini sehemu kubwa ya maji hayo haina oksijeni, na samaki wanaishi katika tabaka la juu tu, lenye unene wa kati ya mita mia moja na mia mbili hivi. Rutuba, kwa upande wake, imelala chini. Upepo wa kusi unaovuma kuanzia Mei hadi Septemba husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na maji ya chini yenye rutuba hupanda upande wa kusini kuchukua nafasi yake. Hapo mimea midogo isiyoonekana kwa macho hustawi, wadudu wa majini huila, dagaa hula wadudu hao, na mgebuka, ambaye Warundi humwita mukeke, humla dagaa. Maji ya juu yanapopata joto huwa mepesi zaidi na kuelea juu ya maji baridi kama mafuta juu ya mchuzi, kiasi kwamba upepo uleule hauwezi tena kuyachanganya kama zamani.

Mwaka 2003 watafiti walikadiria kwamba uzalishaji wa mimea hiyo midogo ulikuwa umeshuka kwa asilimia 20 hivi, jambo ambalo lingeweza kupunguza samaki kwa takriban asilimia 30. Mwaka 2016 utafiti mwingine, uliosoma mabaki ya samaki na konokono katika matabaka ya tope la ziwa, ulionyesha kwamba kupungua huko kulianza kabla uvuvi wa kibiashara haujashamiri katikati ya karne ya 20, na kwamba tangu mwaka 1946 eneo la sakafu ya ziwa linalofikiwa na oksijeni limepungua kwa asilimia 38 katika sehemu zilizochunguzwa. Kwa ushahidi wa namna hii, anayedai kwamba mvuvi anabebeshwa mzigo usio wake hajakosea sana.

Hata hivyo, si wanasayansi wote waliokubaliana na maelezo hayo. Mwaka 2006 kundi jingine la watafiti lilijibu kwamba takwimu za samaki waliovuliwa zinaeleza zaidi mabadiliko ya uvuvi wenyewe kuliko hali ya hewa: meli za kibiashara zilizokuwa zikivua kwa nyavu kubwa za kuzungusha ziliacha kazi, vipe, yaani vyombo vya wavuvi wadogo wanaovua kwa taa, vikaongezeka, na uvuvi ukahama kutoka sehemu moja ya ziwa kwenda nyingine. Mtu anayehesabu samaki waliofika mwaloni, mahali samaki wanaposhushwa, bila kuhesabu nyavu zilizowatafuta, na mahali zilipotupwa, anaweza kudhani ziwa limekauka samaki ilhali ni uvuvi uliobadilika. Kuna pia kokoro, ambalo sheria ya Tanzania inalikataza lakini halijatoweka, na ambalo huvutwa ufukweni mahali hasa ambapo dagaa wachanga hukimbilia. Hapo joto haliwezi kusingiziwa.

Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinakosea zinapoyafanya haya kuwa mashtaka mawili ambayo lazima moja lifutwe. Tukichukulia kwamba joto limepunguza uwezo wa ziwa kuzaa samaki, basi idadi ya nyavu ambayo ziwa liliimudu miaka ya sabini haiwezi kumudika leo, hata kama haijaongezwa wavu mmoja. Na kwa kuwa watu na vyombo vimeongezeka, hoja ya joto, inayotolewa kama utetezi wa mvuvi, inageuka kuwa sababu ya kupunguza uvuvi zaidi ya ilivyodhaniwa. Lakini hoja hiyohiyo inaondoa uhalali wa kumwita mvuvi mharibifu na kumwachia gharama yote peke yake, kwani moshi uliopasha joto dunia haukutoka Kibirizi ya Kigoma wala Kalemie ya Kongo.

Ugumu halisi uko katika maisha ya dagaa mwenyewe. Huyu ni samaki anayekua haraka na kuishi karibu mwaka mmoja tu. Ukimwacha kwa miezi mitatu ataongezeka, hilo ni kweli, na faida itaonekana upesi. Lakini hawezi kuwekwa akiba kama fedha benki, kwa sababu asiyevuliwa huliwa na mgebuka au hufa. Kwa hiyo, kila kitu kinategemea kinachotokea kuanzia siku ziwa linapofunguliwa. Ikiwa vyombo vilevile, pengine na vipya vilivyoundwa wakati wa kusubiri, vitaingia ziwani kwa pamoja na taa zenye mwanga mkali zaidi, basi faida ya miezi mitatu inaweza kumalizwa katika wiki chache za usiku usio na mwezi, wakati taa huvuta dagaa.

Wapo wanaotoa mfano wa pweza wa kusini-magharibi mwa Madagaska, ambako tangu mwaka 2004 wanakijiji wa Andavadoaka wamekuwa wakifunga sehemu za miamba kwa muda na kuvuna pweza wakubwa baadaye. Mfano huo unatia moyo, ila unalinganishwa kwa haraka mno. Pweza hukaa karibu na pango lake, kijiji hufunga sehemu huku sehemu nyingine ikiendelea kuvuliwa, na waliofunga ndio watakaovuna. Dagaa wa Tanganyika huzunguka katika maji ya nchi nne, ambapo Kongo ina asilimia 45 ya ziwa, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6, na uamuzi wa kufunga hutoka juu. Mkataba wa mwaka 2003 uliozaa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura unaziwezesha nchi hizo kukubaliana tarehe, lakini doria hubaki jukumu la kila nchi kwa uwezo wake.

Kuhusu gharama, ni vyema kukumbuka kwamba wavuvi wa dagaa wamezoea kupumzika: wakati wa mbalamwezi taa hazivuti samaki, na kila mwezi hupita siku kadhaa bila kazi. Uchumi wa mwaloni umejengwa juu ya mapumziko hayo mafupi. Mwenye kipe anaweza kuvumilia mapumziko ya miezi mitatu kwa kuwa ana mtaji, lakini anayelipwa kwa mgao wa kila usiku hawezi, wala mwanamke anayeanika dagaa wa mtu mwingine kwa ujira wa siku, ambaye mara nyingi hamo katika orodha yoyote ya wavuvi na kwa hiyo hamo katika mpango wowote wa mikopo. Ufugaji wa samaki katika vizimba, unaotajwa kama njia mbadala, unahitaji mtaji ambao watu hawa hawana. Tena unahitaji uangalifu, kwani ziwa hili lina perege wake ambaye hapatikani kwingineko, na hapaswi kuhatarishwa na samaki wa kufugwa.

Ningekubali ziwa lifungwe kwa masharti mawili. La kwanza ni kuweka kikomo cha idadi ya vyombo kabla ya siku ya kufungua, jambo ambalo kisiasa ni gumu kuliko kufunga, kwa sababu linahitaji kumwambia mtu fulani kwamba hatapata leseni. La pili ni kutangaza mialoni, kwa Kiswahili na Kirundi, uzito wa samaki waliovuliwa kwa kila usiku wa kazi kabla ya kufunga na baada ya kufungua, mwaka baada ya mwaka, ili mvuvi aliyelala njaa miezi mitatu aweze kulinganisha mwenyewe na kile alichokiona kwenye wavu wake.