Kuomba Tamko la Mahakama Nako Kuna Ukomo

Tangu Daraja la Kigongo–Busisi, mkoani Mwanza, lifunguliwe Juni 2025, ardhi ya pande zote mbili za maji inatazamwa kwa jicho jingine. Mashamba yaliyosahaulika yanakumbukwa, na wengi wanayafuata mahakamani kwa ombi linalosikika la upole: Mahakama itamke tu kwamba shamba ni la familia fulani. Hadaiwi mtu fidia wala haambiwi ahame. Basi watu huamini ombi la namna hiyo halina ukomo, yaani muda wa mwisho wa kufungua kesi, na likitupwa wanasema wamezidiwa ujanja na mawakili.

Hawakuzidiwa ujanja. Mahakama haiangalii ombi limeitwaje, inaangalia mdai anatafuta nini. Ukiomba itamkwe kwamba shamba ni lako huku mwenzako ndiye analilima, unataka urudishiwe shamba, na Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 imeweka miaka 12 kwa madai hayo. Matamko ambayo sheria haikuyapangia muda wake huangukia kwenye miaka 6.

Masharti mengine hayasumbui sana. Lazima kuwe na mgogoro wa kweli, maana Mahakama si mahali pa kuuliza maswali ya nadharia. Mgogoro wa ardhi kati ya wananchi hupitia kwanza usuluhishi wa baraza la kata, ambalo tangu 2021 halitoi tena hukumu, na usuluhishi huo una siku 30. Ukiishtaki halmashauri, unatoa notisi ya siku 90, unamuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kesi inakwenda Mahakama Kuu. Siku 90 hazimalizi miaka 12.

Anayesahaulika katika malalamiko haya ni mnunuzi. Chukua mtu aliyenunua kiwanja Buhongwa au Igoma, jijini Mwanza, mwaka 1996. Hati yake ya mauziano ni karatasi iliyochanwa kwenye daftari, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kutoboka. Chini kuna alama ya dole gumba la muuzaji, majina ya mashahidi wawili na muhuri wa mwenyekiti uliofifia kiasi kwamba huwezi kusoma ni mtaa gani. Muuzaji amefariki, mwenyekiti naye. Shahidi mmoja alihamia Geita, na ukimpata atakwambia anakumbuka kusaini lakini mipaka haikumbuki. Halafu anakuja mtoto wa muuzaji, ambaye siku ya mauziano alikuwa chekechea, anasema baba yake hakuuza, alikodisha tu. Nani wa kumjibu? Sheria isiyo na ukomo ingempa ushindi aliyekaa kimya muda mrefu zaidi, kwa sababu kila mwaka wa ukimya unazika shahidi mmoja wa upande wa pili. Na mwenye karatasi ile mara nyingi si tajiri. Ni mama aliyejenga vyumba viwili kwa fedha za kuuza dagaa.

Tena ukomo haumlindi kila aliyekalia ardhi. Aliyekaribishwa kama mgeni hageuki mmiliki kwa sababu tu amekaa sana. Na aliye ndani ya shamba lake, hata kwa miaka 40, hajapoteza kitu: muda wake wa kuomba tamko unaanza siku haki yake inapoingiliwa.

Walalamikaji nao wana hoja mahali pamoja, na ni nzito. Jaji Kalegeya wa Mahakama Kuu aliwahi kuufananisha ukomo na upanga usio na huruma, na anayekatwa vibaya zaidi ni mrithi. Mzee akifariki akiwa analimiliki shamba, muda unahesabiwa tangu siku ya kifo. Lakini mtoto hawezi kufungua kesi ya mali ya marehemu mpaka ateuliwe msimamizi wa mirathi, na sheria inamhesabia msimamizi kana kwamba hapakuwa na pengo kati ya kifo na uteuzi. Familia ikivutana miaka 8 juu ya nani asimamie, imebakiwa na miaka 4. Ikiteleza, kesi inatupwa kabisa na kinachobaki ni rufaa, wakati kesi yenye kasoro ya utaratibu tu huondolewa na unaweza kurudi nayo ikiwa imerekebishwa.

Ningependa kifungu hicho cha mirathi kilegezwe. Miaka 12 yenyewe nisingeigusa, hasa kwa kuwa sheria hiyohiyo ina mlango ambao wengi hawaujui: Waziri mwenye dhamana ya sheria, akishauriana na Mwanasheria Mkuu, anaweza kuongeza muda hadi nusu ya ule uliowekwa. Kwa madai ya ardhi, nusu hiyo ni miaka 6. Amri hiyo huombwa kabla ya kufungua kesi, na nakala yake iliyosainiwa huambatanishwa kwenye hati ya madai.