Doris Miller: Je, Msalaba ulimtosha?

Mpaka leo Wamarekani wanabishana kama Doris Miller, baharia mweusi aliyetunukiwa Msalaba wa Jeshi la Majini kwa ushujaa wake Pearl Harbor, bandari ya kijeshi ya Hawaii, Wajapani walipoishambulia, alistahili Medali ya Heshima, nishani ya kijeshi ya juu kuliko zote nchini mwao.

Tarehe 7 Desemba 1941 Miller alikuwa mtumishi wa mesi, yaani bwalo la chakula, kwenye manowari West Virginia. Wajapani walimkuta akikusanya nguo za kufua. Alikimbilia kituo chake, kwenye ghala la risasi za mizinga ya kutungulia ndege, akakuta torpedo imekwisha kulibomoa. Akaitwa juu kumbeba nahodha Mervyn Bennion, aliyekuwa amechanwa tumbo na kipande cha chuma. Kisha Luteni Frederic White akampeleka kwenye rashasha mbili za Browning, milimita 12.7, akitegemea kwamba atalisha mikanda ya risasi tu. White kugeuka, Miller anafyatua. Alifyatua hadi risasi zikaisha.

Wanaopinga wana hoja nzito: hesabu za ndege alizoangusha hazipatani, na bandarini asubuhi ile ndege moja ililengwa na bunduki nyingi kwa pamoja. Hata maneno ya nishani yake hayataji ndege iliyoanguka. Wanaomtetea kwa hesabu ya ndege wanamharibia kesi.

Nguvu ya kesi yake iko penye neno "wajibu". Medali ya Heshima hutolewa kwa tendo lililovuka wajibu. Jeshi lenyewe liliwafungia mabaharia weusi kwenye mesi, likawanyima mafunzo ya silaha zile. Sasa kama wajibu wake ulikuwa sahani na nguo, rashasha ilikuwa ng'ambo ya mpaka waliouchora wao.

Wengine husema tayari alipata nishani ya pili kwa ukubwa. Si sahihi. Admirali Nimitz, kamanda wa meli za kivita za Marekani katika Pasifiki, alimvisha Msalaba tarehe 27 Mei 1942. Siku hiyo Msalaba ulikuwa wa tatu. Bunge liliupandisha kuwa wa pili Agosti. Na kabla ya Msalaba alikuwa ameandikiwa barua ya pongezi tu, baada ya magazeti ya watu weusi kudai baharia huyo atajwe jina.

Mwaka 1997 wanajeshi saba weusi wa nchi kavu walipewa Medali ya Heshima baada ya majalada ya Vita vya Pili vya Dunia kupitiwa upya. Miller hakuwemo, yeye alikuwa wa majini. Alikufa tarehe 24 Novemba 1943, meli yake Liscome Bay ilipopigwa torpedo karibu na Makin, kisiwa cha Pasifiki. Cheo chake cha mwisho: mpishi daraja la tatu.