Rubani aulizwe pembe kabla ya ukubwa

Jioni ya tarehe 17 Novemba 1986, Boeing 747 ya mizigo ya Japan Air Lines, safari namba 1628, ilikuwa juu ya Alaska kwenye futi 35,000, ikielekea Anchorage na shehena ya mvinyo wa Ufaransa. Rubani Kenju Terauchi aliripoti mataa mbele ya ndege, kisha umbo kubwa mno lisilotambulika, akalifananisha na meli mbili za kubebea ndege za kivita. Mpaka leo watu wanabishana kuhusu ukubwa huo. Kwa maoni yangu, huo ndio ushahidi dhaifu kuliko wote aliotoa.

Usiku angani jicho halina cha kupimia umbali, na ukubwa hukadiriwa kutokana na umbali huohuo wa kukisia. Chukua kitu chenye upana wa digrii 1 machoni, takriban upana wa kidole cha mwisho mkono ukinyooshwa. Kikiwa maili 8 za baharini, kina upana wa mita 260 hivi. Kikiwa maili 80, kinafika kilomita 2.6. Rubani mkweli kabisa anaweza kukadiria ukubwa ulio mara kumi ya ule halisi.

Anachokijua kwa uhakika ni pembe na wakati: kitu kiko upande gani wa pua ya ndege, digrii ngapi juu ya upeo, saa ngapi, ndege ikielekea wapi. Hayo yaandikwe palepale, kila mmoja kivyake, kabla marubani hawajasimuliana. Kwanza zima taa za ndani na usogeze kichwa. Mwanga ukihama pamoja na kichwa, ni mwakisi wa kioo. Kisha omba ruhusa ya kugeuka. Ndege ya Terauchi ilizunguka duara zima, na hiyo ilikuwa hatua nzuri sana, kwa sababu sayari, ambayo huweza kudhaniwa kuwa kitu kinachoruka, hubaki kwenye mwelekeo uleule wa dira hata pua ya ndege ikizunguka kote.

Rada nayo isiaminiwe kijuujuu. Rada ya ardhini hupokea mwangwi wa bodi ya ndege na pia jibu la transponda yake, yaani chombo cha ndani ya ndege kinachoijibu rada. Viwili hivyo visipooana, kompyuta huchora alama ya pili kando ya ndege. Mwaka 1987 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilieleza hivyo alama zilizoonekana kwenye rada yake usiku ule. Ndege ya shirika la United iliyoombwa kuangalia iliiona 747 peke yake. Maelezo haya yananiridhisha kuhusu rada, lakini hayagusi mataa ya mwanzo, ambayo wafanyakazi wote watatu waliyaona.

Siku hizi setilaiti za intaneti za Starlink, zilizo kilomita 550 hivi juu, humulika karibu na upeo, upande ambako jua liko chini ya upeo. Marubani huzidhania kuwa maili chache tu mbele, kumbe ziko zaidi ya kilomita elfu moja. Taarifa yenye saa, mahali na mwelekeo hulinganishwa na njia za setilaiti, na jibu likapatikana.

Terauchi aliondolewa kwenye urubani kwa muda, akapewa kazi ya ofisini. Sikubaliani kabisa na adhabu ya namna hiyo. Rubani anayehofia kazi yake hatataja hata pembe, na bila pembe hakuna cha kuchunguza.