Chakula cha sato: dagaa wapungue kiasi gani?

Kwa mfugaji wa sato Kanda ya Ziwa, kiungo kinachoumiza mfuko ni dagaa. Mbalamwezi ikiwaka taa za wavuvi hazivuti kitu, mitumbwi inalala ufukweni na bei inapaa. Masika nayo dagaa hukosa jua la kukaukia. Walioanikwa mchangani huja na mchanga wao, ukalipia uzito usiolika. Ndipo linapokuja swali: kwa nini soya na alizeti visichukue nafasi yote?

Kwa sato wa kunenepesha, vinaweza kuchukua sehemu kubwa. Utumbo wake ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili, na asidi ya tumbo lake ni kali, hivyo mimea haimshindi. Kambale ana utumbo mfupi. Asipimwe kwa kipimo cha sato. Vifaranga nao wanahitaji protini ya asilimia 40 hivi, na tumbo dogo halina nafasi ya nyuzinyuzi. Hao waachiwe dagaa wao.

Wengi huharibikiwa kwa kubadilisha kilo kwa kilo. Dagaa wakavu safi wana protini asilimia 55 hivi, mashudu ya soya 45, mashudu ya alizeti 28, na yakijaa maganda hupungua zaidi. Ukitoa kilo 20 za dagaa ukaweka kilo 20 za alizeti, umeondoa kilo 11 za protini ukarudisha 5.6. Hata hesabu ikikaa sawa, soya ina methionini kidogo, moja ya asidi amino, yaani vipande vinavyojenga protini. Alizeti inayo ya kutosha, ila imepungukiwa na lisini, asidi amino nyingine ambayo soya inayo. Ndiyo maana tunazichanganya. Fosforasi ya mimea nayo nyingi imefungwa katika faiteti, kemikali ambamo mbegu huhifadhi fosforasi yake, na samaki hana kimeng'enya cha kuifungua. Inatoka na kinyesi, bwawa linakolea ukijani, na alfajiri oksijeni ikipungua samaki wanahema juu ya maji.

Kwa kilo 100 za chakula chenye protini ya asilimia 30, tungechanganya hivi: mashudu ya soya kilo 38, mashudu ya alizeti 18, pumba za mahindi 32, dagaa 8, mafuta ya kula 2, DCP (unga wa madini ya kalsiamu na fosforasi) 1 na premiksi ya vitamini na madini 1. Hizo kilo 8 za dagaa tusingezifuta. Zinaziba pengo la asidi amino na kuleta harufu. Chakula cha mimea mitupu sato anaweza kukionja akakitema, kikaozea chini. Ila kupandisha dagaa hadi kilo 25 kwa samaki wa kunenepesha ni kupoteza kitoweo ambacho watoto wetu wanakihitaji zaidi.

Ukitumia soya nzima badala ya mashudu, usiisage mbichi. Ina vizuizi vinavyozuia protini isimeng'enywe, na samaki atakula sana bila kukua. Ichemshe dakika 30 tangu maji yatokote, ianike, ndipo usage. Kuipima ni rahisi: tia unga wake kwenye chupa pamoja na mbolea ya urea kidogo na maji vuguvugu, funga, subiri dakika 20. Ukifungua ikikupiga harufu kali ya amonia, haijaiva. Ukiikaanga hadi kuwa kahawia iliyokoza umeharibu lisini, na kipimo hicho hakitakuonyesha. Mashudu ya pamba ni rahisi kupatikana Shinyanga na Simiyu, lakini yana gosipoli, sumu ya asili ya mbegu za pamba. Tusingevuka kilo 10 katika 100. Na chochote chenye ukungu kitupwe, kwa sababu sumukuvu haiondoki kwa kuanika.

Bei ya mfuko peke yake isikuamulie. Tuseme chakula cha Sh 2,500 kwa kilo kinatumika kilo 1.5 kupata kilo moja ya samaki: umetumia Sh 3,750. Cha Sh 2,000 kinachotumika kilo 2 kimekula Sh 4,000. Kwa hiyo badilisha bwawa moja kwanza, polepole kwa wiki nzima, pima sampuli ya samaki 30 kila baada ya wiki mbili, na andika kila kilo ya chakula iliyoingia majini.