Bati, chapati na makunyanzi: Uganda ina haja gani na hisabati ya maumbo?

Jirani yangu hapa Jinja ni fundi wa kuezeka. Majuzi mwanawe, niliyemfundisha hisabati sekondari, alimweleza kwamba shahada yake ya uzamili itahusu makunyanzi: kwa nini utando mwembamba ukivutwa au kubanwa hujikunja, na kwa nini mikunjo hiyo hufuatana kwa nafasi zinazolingana kana kwamba imepimwa. Mzee akavuka barabara akaja kwangu kabla hata ya kunywa chai. "Mwalimu," akasema, "nimeuza ng'ombe wawili kwa ajili ya makunyanzi?"

Swali hilo halijaniondoka kichwani. Wanaofikiri kama mzee ni wengi, na hoja zao zina uzito. Tangu Julai 2022 mwalimu wa sayansi mwenye shahada katika shule ya serikali analipwa shilingi milioni 4 kwa mwezi, na sisi wa hisabati tumo. Wenzetu wa fasihi na historia waliachwa nyuma, wakagoma. Wakituuliza sisi tuliopendelewa tunaizalishia nchi nini, wana haki ya kujibiwa. Gari la umeme la Kiira lililotoka Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2011 na basi la Kayoola la 2016 ni vitu vya kuguswa kwa mkono; uthibitisho wa mwanahisabati hukaa kwenye karatasi. Isitoshe, wanasema, maarifa haya yamekwisha kupatikana Marekani na Ulaya na yamechapishwa. Tuyasome tuyatumie, kwa nini tuyagharimie upya? Na kijana akibobea humo, atarudi kwetu Busoga kufanya kazi wapi?

Utafiti wenyewe umewahi kuchekwa hata huko unakofanyiwa. Lakshminarayanan Mahadevan, mwanahisabati tumizi wa Chuo Kikuu cha Harvard, na Enrique Cerda wa Chile walichapisha mwaka 2003 kanuni inayohusisha upana wa makunyanzi na ukakamavu wa utando, yaani unavyokataa kupindwa, urefu wake na nguvu inayouvuta. Mwaka 2007 wakapewa Ig Nobel, tuzo ya tafiti zinazochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Mwaka huohuo watafiti wengine waliweka tone la maji juu ya utando wa plastiki unaoelea, mwembamba kuliko unywele mara nyingi sana. Makunyanzi yakatoka kuzunguka tone kama miale ya jua. Kwa kuyahesabu na kupima urefu wake tu, wakajua unene wa utando na ukakamavu wake, bila mashine ya mamilioni. Kunyanzi limekuwa rula. Kwa nchi ambayo maabara zake nyingi hazina vifaa, hilo pekee lingetosha kutufanya tusikilize.

Lakini mimi nilimjibu mzee kwa chapati, kwa kuwa kibanda cha rolex, chapati yetu inayoviringishwa na mayai, kilikuwa mbele yetu.

Shika chapati kwa ukingo mmoja, italegea na kuning'inia. Ipinde kidogo kama mfereji, kushoto na kulia viinuke, itanyooka mbele yako kama ubao. Hukuiongezea unga wala hukuikausha. Mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss alieleza sababu mwaka 1827, wakati ambapo kazi ya kupima ardhi ya Hanover ilikuwa imemtia vumbi kwa miaka. Kila uso, alithibitisha, una kiasi cha mpindo kisichobadilika hata ukiukunja, mradi usiuvute wala kuuchana. Kiasi hicho ni mpindo mkubwa kabisa wa mahali hapo ukizidishwa kwa mpindo mdogo kabisa, na pande hizo mbili hukatana kama msalaba. Chapati ilianza bapa, jibu lake ni sifuri. Ukishaipinda upande mmoja, upande wa pili hauna ruhusa ya kupinda tena. Mzee alikula rolex yake akiitazama kwa namna ambayo sidhani aliwahi kuitazama.

Kisha tukaja kwenye kitu anachokijua kuliko mimi: bati.

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana hesabu hii imeninyima usingizi. Chukua bati bapa lenye unene wa milimita 0.3, na jingine la unene uleule lililotiwa mawimbi ya kina cha milimita 18 kutoka bondeni hadi mgongoni, mgongo mmoja hadi mwingine milimita 76. Mawimbi hayo yamekula chuma zaidi kwa kama sehemu moja ya nane tu. Ukakamavu wa bati kati ya papi na papi, zile mbao ambazo bati hupigiliwa juu yake, kwa hesabu yangu, umepanda zaidi ya mara 5,000. Elfu tano! Kuupata ukakamavu huo kwa bati bapa, ungelazimika kulifanya nene zaidi ya mara 17. Hakuna kenchi ya mbao katika kijiji chochote cha Uganda ambayo ingebeba paa hilo, wala mfuko ambao ungelilipia. Umbo limefanya kazi ambayo ingefanywa na chuma, na chuma ndicho kinachotumaliza.

Sasa tazama tunavyonunua. Dukani Kikuubo, mtaa wa biashara wa Kampala, swali ni moja: geji ngapi, yaani unene gani? Mnunuzi anabonyeza bati kwa kidole gumba, anasikiliza linavyolia, analipa. Wote tunajua kuna mabati yanayouzwa kwa geji isiyo yao. Tuseme uliahidiwa milimita 0.30 ukapewa 0.25. Ukakamavu wa jumla unashuka kwa sehemu moja ya sita. Lakini kila kipande kidogo cha bati, pale kinapokanyagwa na fundi au kupigwa na tawi, hutetea nafsi yake kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu, na hapo hasara ni asilimia 42. Hii ndiyo sababu bati la geji ya uongo hubonyea mapema hata kama paa zima linaonekana limesimama.

Jambo lililonishtua zaidi ni kina cha wimbi. Acha unene kama ulivyo, punguza kina kutoka milimita 18 hadi 16. Jicho halioni. Bati linatanuka kidogo, linafunika eneo kubwa zaidi, na muuzaji anakwambia umepata faida. Ukakamavu umepungua kwa zaidi ya asilimia 20, na maikromita ya kupimia unene haitakuonyesha chochote. Rula ya mtoto wa shule ya msingi ingekuonyesha. Katika miaka yangu yote sijawahi kumwona mtu akipima kina cha wimbi kabla ya kulipa, na mzee, mwenye miaka thelathini juu ya mapaa, alikiri naye hajawahi.

Mpinzani makini atanikamata hapa, na anikamate. Bati la mawimbi lilipewa hataza Uingereza mwaka 1829 kwa mhandisi, Henry Palmer. Hesabu niliyofanya imo katika vitabu vya uhandisi, haihitaji utafiti mpya. Na mwizi wa geji hazuiwi na Gauss, anazuiwa na mkaguzi mwenye mshahara na gari lenye mafuta. Yote ni kweli. Ingekuwa tunachagua kati ya mkaguzi na mwanahisabati leo, kwa shilingi zilezile, ningemchagua mkaguzi.

Ila hatuulizwi hivyo. Mwanafunzi mmoja wa jiometri anahitaji kalamu, kompyuta, na msimamizi anayejua njia. Hisabati ni sayansi ya bei nafuu kuliko zote, na hata hivyo kwa miaka mingi sehemu ya uzamili na uzamivu wa hisabati Afrika Mashariki, Makerere ikiwemo, imegharimiwa na Sweden kupitia mpango wake wa sayansi ulioko Uppsala. Nashukuru. Lakini anayelipia utafiti ana sauti katika kuchagua maswali, na maswali ya bati letu hayatachaguliwa na mtu ambaye nyumba yake ina vigae.

Hapo ndipo hoja ya "tusome tu yaliyochapishwa" inaponichosha. Jibu unaweza kuazima. Swali linatoka kwenye macho ya mtu na mahali alipo. Mwaka 2002 jarida la Nature lilichapisha utafiti kuhusu plastiki inayochanwa: ukingo wake hujikunja mawimbi, na juu ya mawimbi hayo hutokea mengine madogo, na juu ya hayo mengine tena, kwa sababu ukingo umevutika na sehemu ya ndani haikuvutika. Ni kaveera hiyo, mfuko wetu wa plastiki. Tumezichana mamilioni. Kule Buganda mafundi wa lubugo, nguo ya gome la mti, hupiga gome la mutuba kwa nyundo zenye mifereji hadi litanuke mara kadhaa ya upana wake, na wanajua wapi pa kupiga ili ukingo usijikunje. Maarifa hayo yamo mikononi mwao na yanasubiri mtu ayaandikie mlinganyo.

Niliyasema haya yote na mzee hakunikatiza. Alipomaliza chai ya pili aliingia uani kwake, akarudi na kipande cha bati kilichong'olewa na dhoruba kwenye paa la shule alilokwenda kulikarabati. "Tazama," akasema, "halikukatika kwenye wimbi. Limechanika msumarini. Kila mara ni msumarini. Kwa nini?"

Huko Darwin, Australia, kimbunga Tracy kilipong'oa mapaa ya mji usiku wa Krismasi mwaka 1974, wahandisi waligundua jambo hilohilo: upepo ulilipinda bati huku na huku kuzunguka kila kifungio hadi likapata nyufa na kuchomoka. Na kwa nini mpindo unajikusanya pale badala ya kusambaa? Kwa sababu kitu chembamba kinachokwepa kuvutika hukimbizia taabu yake yote kwenye ncha chache, kama karatasi uliyoifinyanga kiganjani. Hilo ni tawi la somo lilelile ambalo mwanawe anataka kusoma, na ncha hizo bado zinawasumbua wanahisabati.

Mzee hakusema ameridhika kuhusu ng'ombe. Lakini tangu siku hiyo, kila bati lililochanika analokutana nalo kazini analikata kipande na kukileta nyumbani. Vitano viko chini ya mwembe wake, na juu ya kila kimoja ameandika kwa chaki urefu wa msumari, nafasi kati ya papi na papi, na kama msumari ulipigwa mgongoni au bondeni.